Kusomea Biashara Mombasa Huku Unafanya Kazi na Unategemewa Nyumbani: Mwongozo wa Kupanga Muhula

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayesomea biashara katika chuo kimojawapo cha Mombasa, iwe ni stashahada ya ugavi, shahada ya kwanza ya biashara au shahada ya uzamili ya usimamizi, na ambaye wakati huohuo ana kazi inayomlipa na familia inayomtegemea. Ni mtu tunayemfahamu sote. Mchana yuko katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini au kwenye kaunta ya hoteli ya Nyali, jioni yumo darasani Tudor au katikati ya mji, na usiku akifika nyumbani ndiye anayeulizwa ni nani atakayempeleka bibi kliniki Makadara kesho. Nimewafundisha na kuwashauri wanafunzi wa namna hii kwa muda mrefu, na ninachokiona kikiwaangusha si ugumu wa masomo wala wingi wa jamaa, bali ni ahadi ambazo hazikusemwa wazi. Mwajiri hajui kuwa kuna mtihani, mama hajui kuwa Jumamosi ni siku ya darasa, mhadhiri hajui kuwa kuna msiba, na mwanafunzi mwenyewe yuko katikati akiomba radhi kila upande. Hatua zinazofuata zina shabaha moja, nayo ni kwamba kila mwenye haki juu ya muda wako ajue mapema atapata nini, atakipata lini, na ni kipi ambacho muhula huu hatakipata.

Hatua ya kwanza: andika majukumu yote kwenye ukurasa mmoja

Fanya kazi hii kabla ya kusajili masomo, si baada yake. Chukua karatasi, uigawe sehemu tatu, yaani chuo, kazi na nyumbani, kisha uandike kila kitu unachotarajiwa kukifanya kwa wiki na kwa mwezi. Sehemu mbili za kwanza ni rahisi kwa kuwa zina ratiba. Ya tatu ndiyo inayowapiga chenga wengi, kwa sababu majukumu ya nyumbani hayana ratiba na mara nyingi hayahesabiwi kuwa kazi. Kwenda sokoni Kongowea Jumamosi asubuhi, kuwasomesha wadogo zako, kukaa dukani baba anapokwenda msikitini, kumsindikiza mama kwenye shughuli, kufua, kupika, kupokea wageni kutoka Kaloleni au Voi wanaokuja kutibiwa mjini na kulala kwenu: yote haya yaandikwe. Wanafunzi wa kike wanapoifanya kazi hii kwa ukweli hugundua kwamba wana kazi ya pili ya siku nzima ambayo hakuna aliyewahi kuitaja, na kuiona imeandikwa ndiko kunakowapa maneno ya kuizungumzia.

Ukishamaliza, hesabu saa zinazobaki. Chukua mfano wa karani wa hesabu anayeingia kazini saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, anayesoma chuoni Jumatatu hadi Alhamisi kuanzia saa 11 na nusu jioni hadi saa 2 na nusu usiku, na anayeishi Bamburi. Akifika nyumbani ni baada ya saa 3 usiku, naye hajala. Mtu huyu hana usiku wa kusoma, hata akijiahidi vipi. Alichonacho ni saa moja na nusu ya alfajiri katika siku nne za wiki, pamoja na saa nne za Jumamosi akiweza kuzilinda, yaani saa kumi kwa wiki. Akisajili masomo matano, kila somo linapata saa mbili, na usimamizi wa fedha pekee unataka zaidi ya hizo kwa sababu maswali yake hayaeleweki kwa kuyasoma, ni lazima yafanywe kwa mkono hadi jibu litoke. Akisajili matatu, anaweza kufaulu vizuri. Ni bora kumaliza shahada kwa muhula mmoja au miwili zaidi kuliko kurudia masomo na kuyalipia mara ya pili, na hili nalisema bila kusitasita kwa sababu nimewaona wengi waliokimbilia kumaliza mapema wakamaliza nyuma ya wenzao waliokwenda polepole.

Hatua ya pili: unganisha kalenda zote

Mwanafunzi wa Mombasa anaishi ndani ya kalenda kadhaa zinazopishana, na shida nyingi zinazoonekana kuwa za ghafla zilikuwa zimeandikwa tangu mwanzo wa mwaka. Vyuo vyetu vingi vina mihula inayoanza Januari, Mei na Septemba, na mitihani huangukia Aprili, Agosti na Desemba. Miezi hiyohiyo mitatu ndiyo ya mitihani ya kitaaluma ya KASNEB, bodi ya taifa inayotahini wahasibu, kwa wanaotafuta CPA, yaani sifa ya mhasibu aliyethibitishwa, na ndiyo miezi ambayo hoteli za pwani hujaa wageni wa Pasaka, wa likizo za shule na wa mwisho wa mwaka. Anayefanya kazi hotelini na kusoma shahada huku ameandikisha karatasi za CPA amejipangia migongano mitatu katika wiki zilezile, na hakuna bidii inayoweza kuitatua. Ni lazima kimoja kihamishwe.

Kazi za uhasibu zina joto lake pia. Kodi inayokatwa kwenye mishahara hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na kodi ya ongezeko la thamani kufikia tarehe 20. Watu binafsi huwasilisha taarifa zao za kodi za mwaka kufikia tarehe 30 Juni, na hiyo ndiyo tarehe ya kampuni ambazo mwaka wao wa hesabu hufungwa Desemba vilevile. Kwa hiyo karani anayejua kwamba kazi ya kikundi itawasilishwa tarehe 8 au 19 asisubiri siku hiyo ifike, bali aimalize sehemu yake wiki iliyotangulia na kuwaambia wenzake sababu.

Kwa Waislamu, Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2026 imeangukia katikati ya Februari hadi katikati ya Machi, na mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa kutegemea kuandama kwa mwezi. Maana yake ni kwamba kwa miaka hii muhula wa Januari unabeba Ramadhani nzima katikati yake, wakati wa majaribio ya darasani na wa joto kali la pwani. Madarasa ya jioni yanakutana na futari, na anayepika nyumbani anatakiwa awe jikoni saa ileile mhadhiri anapoanza somo. Muhula wa namna hii uwe na masomo machache, nayo yale yanayohitaji hesabu nyingi yapelekwe Mei au Septemba. Harusi nazo hujazana katika wiki za kabla ya Ramadhani na baada ya Idi, kwa hiyo ukiona mwezi wa Shaaban unakaribia, jua kwamba kadi za mwaliko na orodha za michango ziko njiani. Wakristo, hasa familia zenye asili ya bara au ya Taita, wana safari ya Desemba ya kwenda nyumbani, ambayo mara nyingi huanza kabla mitihani haijaisha. Chukua kalenda moja ya ukutani, ile ya kawaida inayogawiwa na maduka, uandike tarehe hizi zote juu yake, na uitundike mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapita. Kalenda ikiwa ndani ya simu yako ni siri yako peke yako, na siri haisaidii mtu.

Hatua ya tatu: kaa na familia kabla muhula haujaanza

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Wanafunzi hudhani kwamba kuzungumza na wazazi kuhusu muda wao ni utovu wa adabu, au kwamba wazee hawataelewa. Uzoefu wangu ni kinyume cha hayo. Wazazi wa Mombasa, hata ambao hawakupita shule, wanaujua uzito wa elimu na wako tayari kujibana. Wanachokikataa ni kushtukizwa. Mtoto anayesema siku ya shughuli kwamba hawezi kuja ana kiburi machoni pao, ilhali yule aliyesema mwezi mzima kabla ana heshima, ijapokuwa jambo lililosemwa ni lilelile.

Anza na mtu mmoja, si na kikao kikubwa. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni mama, au shangazi mkubwa ambaye neno lake husikilizwa na wote, au ami anayesimamia mambo ya ukoo. Chagua wakati wa utulivu, baada ya chai ya jioni au Ijumaa baada ya sala, na uende na ile karatasi yako na kalenda. Usianze na yale usiyoyaweza, anza na yale utakayoyafanya. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

«Shikamoo mama. Nataka kukushirikisha mambo ya chuo kabla hawajafungua. Dawa za bibi na kliniki yake nitazishughulikia mimi kama kawaida, na Jumapili yote niko hapa nyumbani. Jumamosi asubuhi ndiyo naomba mnisaidie, kwa sababu nina darasa hadi adhuhuri. Sokoni naona Fatma anaweza kwenda, na mimi nitamwachia pesa tangu Ijumaa. Na hizi wiki mbili nilizozitia rangi nyekundu ni za mitihani. Wageni wakija watanikuta ninasoma, naomba uwaambie mapema wasione vibaya.»

Tazama jinsi maneno hayo yalivyopangwa. Yametaja wajibu unaobaki, yametaja ombi moja lenye siku na saa, yametaja nani atakayeziba pengo na kwa pesa ya nani, na yamempa mama kazi ya heshima ya kukutetea mbele ya wageni. Mama akishalikubali jambo hilo huwa lake, na jirani atakayeuliza kwa nini hukuonekana kwenye shughuli atajibiwa na yeye kabla wewe hujafungua mdomo.

Kwa upande wa harusi, usikatae yote wala usikubali yote. Harusi ya pwani ina siku kadhaa, kuanzia usiku wa hina hadi nikaha na kupamba, na hakuna ulazima wa kuonekana kila siku. Kwa ndugu wa karibu, muulize mwenye shughuli ni siku gani kuwepo kwako kuna maana zaidi, uje siku hiyo mapema, ufanye kazi kwa moyo mmoja, usije na kitabu mkononi. Kwa jamaa wa mbali, mchango uliotangulia na simu ya pongezi vinatosha. Msiba ni jambo jingine. Msiba hauna mjadala, na sitamshauri mtu yeyote abaki darasani wakati jamaa yake anazikwa. Unachoweza kukifanya ni kumwandikia mhadhiri au mkuu wa idara siku hiyohiyo, hata kwa ujumbe mfupi, kisha uhifadhi nakala ya kibali cha mazishi au barua ya chifu au ya imamu. Vyuo vina utaratibu wa mtihani maalumu kwa aliyefiwa au aliyeugua, lakini utaratibu huo unataka ombi la maandishi na ushahidi, na anayekuja kueleza baada ya matokeo kutoka hukuta mlango umefungwa.

Waliooa na walioolewa wana mazungumzo mazito zaidi, na hayafai kufanyika mara moja tu. Mume anayesoma jioni anamwachia mkewe watoto kuanzia alasiri hadi usiku, na mke anayesoma anabeba darasa juu ya nyumba nzima. Makubaliano yao yaguse mambo madogo kwa majina: nani anawachukua watoto madrasa, nani anapika Jumatano, mama mkwe akiumwa ni nani anayekwenda, na usiku gani mmoja kwa wiki hakuna vitabu wala simu ya kazi. Watoto nao waambiwe. Mtoto wa miaka sita anaweza kuelewa kwamba mama ana mtihani mpaka Ijumaa na kwamba Jumamosi wataenda wote Mama Ngina kula mihogo ya kukaanga, mradi Jumamosi hiyo ahadi itimizwe.

Hatua ya nne: tenga karo kabla ya kila kitu

Fedha ndiyo sababu inayowatoa wengi chuoni kimyakimya. Mshahara wa kijana wa Mombasa si wake peke yake, na sisemi hivyo kwa kulalamika, kwa maana ndivyo tulivyolelewa na ndivyo na sisi tulivyosomeshwa. Hata hivyo, mwanafunzi asiyeitenga karo yake mwanzoni mwa mwezi hatapewa kadi ya mtihani mwishoni mwa muhula, na hapo hasara ni ya wote waliokuwa wakimtegemea.

Chukua mfano wa karo ya shilingi 48,000 kwa muhula wa miezi minne, ambayo ni 12,000 kwa mwezi, na mshahara wa mkononi wa 38,000. Karo ikitoka kwanza, zinabaki 26,000. Nyumbani zinakwenda 10,000, nauli na chakula cha mchana 8,000, chama 3,000. Zilizobaki ni 5,000, na humo unaweza kuweka 2,000 za michango na 3,000 za dharura. Mgao huu unaonyesha jambo ambalo hisia hazionyeshi: uwezo wako wa kuchangia harusi na harambee ni 2,000 kwa mwezi, na mwaliko utakaokuja baada ya hizo kwisha utajibiwa kwa maneno mazuri tu. Lipa karo yenyewe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, kwa benki au kwa simu, kidogokidogo kila mshahara unapoingia, usiiweke mkononi ukisubiri ijae, na uhifadhi kila risiti na ujumbe wa malipo mpaka utakapohitimu.

Anayestahiki aombe basari za serikali zinazotolewa katika eneobunge lake na katika kaunti, akianza kukusanya stakabadhi mapema, kwa sababu fomu hutaka sahihi za chifu na za chuo. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, kwa shahada ya kwanza umekuwa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ni nafuu sana ukilinganisha na ya benki, na marejesho yake huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Zipo familia ambazo hazitaki riba ndani ya nyumba kwa msingi wa dini. Ikiwa yenu ni mojawapo, lizungumzeni kabla ya kujaza fomu na mtafute njia ya ukoo, kwa mfano mkopo wa ami usio na riba ulioandikwa kwenye karatasi, wenye kiwango cha kurejesha na tarehe. Karatasi hiyo haimaanishi kutoaminiana. Ndugu wengi waliokosana kwa sababu ya pesa walikosana kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kumbukumbu yake ya kile kilichosemwa.

Hatua ya tano: zungumza na mwajiri ukiwa na sheria mkononi na adabu mdomoni

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo baada ya kila miezi kumi na miwili ya utumishi. Wengi huzila zote Desemba. Mwanafunzi afadhali amwombe mwajiri azigawe, siku chache Aprili, chache Agosti na chache Desemba, akipeleka ombi kwa maandishi pamoja na ratiba ya mitihani mara tu inapotoka. Mwajiri mwenye busara hupendelea siku tano zinazojulikana kuliko mfanyakazi anayeumwa ghafla kila msimu wa mitihani. Kama kazi yako ni ya zamu, kama zilivyo nyingi za bandarini na hotelini, jenga urafiki wa kubadilishana zamu na wenzako wawili au watatu, na uwe wa kwanza kuwafanyia zamu zao wakati chuo kimefungwa.

Usiwe mwepesi wa kumwambia msimamizi kwamba unasoma ili uondoke. Mwonyeshe unachojifunza kinavyoifaa ofisi: jedwali la hesabu ulilolitengeneza linalofuatilia siku za bure za kontena kabla ya tozo kuanza, au namna bora ya kupanga madeni ya wateja kwa umri wake, yaani siku yalizokaa bila kulipwa. Kazi ndogo ya namna hiyo, ikiwa sahihi, hupandisha hadhi yako zaidi ya cheti ambacho bado hujakipata.

Hatua ya sita: chagua njia moja ya kitaaluma kwa wakati mmoja

Mombasa ina njia zake. Uchumi wa mji umejengwa juu ya bandari, utalii na biashara za kifamilia, na kila moja ina sifa zake za kitaaluma. Anayetaka forodha na usafirishaji wa mizigo anufaike na cheti cha Afrika Mashariki cha wakala wa forodha, ambacho hapa Kenya hufundishwa na chuo cha mamlaka ya ushuru, KESRA. Anayetaka uhasibu atafute CPA, na anayemaliza shahada ya biashara anaweza kuomba kusamehewa baadhi ya karatasi za KASNEB kwa kutegemea masomo aliyofaulu. Ndiyo maana mara nyingi humshauri mwanafunzi mwenye kazi na familia amalize shahada kwanza, kisha aombe msamaha wa karatasi hizo, badala ya kuvifukuza vyote pamoja na kufanya mtihani wa kitu kilekile mara mbili.

Swali la kuhama nalo liletwe mezani mapema. Nafasi nyingi za mafunzo kazini na za ajira katika makao makuu ya kampuni ziko Nairobi, na tangu reli mpya ianze kubeba abiria mwaka 2017 safari imekuwa ya saa chache, lakini kwa mzazi aliyezoea kukuona kila siku umbali haupimwi kwa saa. Wapo pia wanaoitazama Ghuba. Usimweleze mama jambo hili siku barua ya kazi inapofika. Liseme mwaka mmoja kabla, mkiwa mnajadili nani atakaa na wazee, ni kiasi gani kitatumwa nyumbani kila mwezi, na utarudi mara ngapi kwa mwaka. Anayeona kwamba mahali pake ni hapahapa naye asijione aliyebaki nyuma. Biashara ya mizigo inayolisha Uganda, Rwanda na Sudan Kusini inapita Kilindini, na watu wanaoifahamu kwa undani wanahitajika.

Hatua ya saba: ifanye biashara ya nyumbani kuwa darasa lako

Familia nyingi za Mombasa zina duka, genge, duka la vitambaa au magari mawili ya abiria, na mwanafunzi wa biashara anayekwenda kutafuta mifano kwenye vitabu vya ng'ambo huku baba yake anaendesha duka Majengo kwa miaka mingi ameacha hazina mlangoni. Omba ruhusa ya kufuatilia duka hilo kwa mwezi mmoja. Anza na daftari la madeni. Pitia majina, uandike kila deni lina siku ngapi, kisha uyapange katika makundi: chini ya siku 30, siku 30 hadi 60, na zaidi ya 60. Baada ya hapo hesabu mali iliyo kwenye rafu kwa bei ya kununulia. Ndani ya jioni mbili utajua kwa nini duka linauza kila siku na bado pesa ya kuleta mzigo mpya haipatikani, kwa sababu pesa yenyewe imelala kwenye madeni ya zamani na kwenye katoni za bidhaa isiyotoka. Somo la mtaji wa uendeshaji, ambalo darasani huonekana kavu, halitakutoka tena kichwani.

Hapa pana adabu zake. Usimsahihishe baba mbele ya mteja wala mbele ya ndugu zake. Mpelekee matokeo faraghani, kwa njia ya swali: «Baba, hawa wanne wamefika miezi mitatu, unaonaje nikiwakumbusha mimi?» Kubali pia kwamba baadhi ya madeni anayoyaacha ni sadaka au ni heshima ya ujirani, na hayo yana hesabu yake ambayo haimo kwenye vitabu vyako. Ukitaka kuitumia biashara hiyo kwenye utafiti wa mwisho wa shahada, badilisha majina, usitaje wadeni, na umsomee baba yale uliyoyaandika kabla ya kuyawasilisha. Saa unazotumia dukani kwa namna hii zinahesabiwa pande mbili, chuoni na nyumbani, na kwa mtu mwenye saa kumi kwa wiki hilo ni jambo kubwa.

Hatua ya nane: linda saa chache ulizonazo

Sitarefusha hapa. Soma alfajiri, kwa sababu nyumba imelala, hewa ni baridi na hakuna anayepiga simu. Anayeishi Likoni ahesabu foleni ya feri kuwa sehemu ya siku yake, na kama darasa linaisha usiku na kivuko kinachelewa, afadhali asomee chuoni hadi msongamano upungue kuliko kusimama saa nzima na mkoba begani. Kwa kazi za vikundi, ambazo katika shule za biashara ni nyingi, jiunge na wenzako wenye saa zinazofanana na zako, mgawane sehemu siku ya kwanza, na mkubaliane tarehe ya ndani iliyo siku tatu kabla ya ile ya mhadhiri.

Hatua ya tisa: kagua mpango wiki ya sita, na ujue wakati wa kusimama

Mihula mingi ina wiki kumi na nne au kumi na tano, na wiki ya sita ndiyo mwafaka wa kujiuliza mambo yanakwendaje, kwa kuwa majaribio ya kwanza yamesharudi na bado kuna muda wa kurekebisha. Angalia mambo manne: alama, karo iliyolipwa, saa ulizosoma kweli, na hali ya nyumbani. Kama mawili kati yake yameharibika, punguza somo moja ikiwa chuo bado kinaruhusu, au rudi kwa mama na kalenda mpange upya.

Yapo mambo yanayozidi mpango wowote: mzazi amelazwa, kazi imepotea, mtoto amezaliwa kabla ya wakati. Katika hali hiyo kuahirisha muhula ni haki yako, na si aibu. Tofauti kati ya aliyeahirisha na aliyepotea ni barua. Andika kwa msajili wa chuo ukieleza sababu, ambatisha ushahidi, taja muhula utakaorudi, na usiondoke bila nakala iliyopigwa muhuri. Uliza kama karo uliyokwisha kulipa itahamishiwa muhula ujao na kama nambari yako ya usajili itabaki ileile, na jibu hilo nalo liwe la maandishi. Mweleze kiongozi wa darasa akuweke kwenye kundi la mawasiliano ili upate habari za kufungua, na nyumbani mwambie yule mtu mmoja uliyeanza naye mazungumzo tarehe hasa ya kurudi, kisha iandikwe kwenye kalenda ya ukutani kwa rangi ileile nyekundu.